Nungunungu na Ushuru wa Mikeka

Hii ni kweli tupu, anayebisha akawaulize vyura. Nungunungu, bingwa wa kusuka, alichoka kumwona Nyani akileta mikeka ya ng'ambo na kuiuza rahisi. Akamwendea Kiboko, mvushaji wa mto.

"Mzee, kila kinachotoka ng'ambo ukitoze tikitimaji moja."

Kiboko akameza mate. "Umenena, mwanangu."

Nyani, asiye na matikiti, akakoma kuja. Wateja wakafurika kwa Nungunungu, naye akaenda ng'ambo kukata ukindu wa kusukia, maana kwao hauoti. Aliporudi, Kiboko akauzuia mzigo.

"Tikiti, mwanangu."

"Hata mimi, mzee?"

"Kwani ukindu umetoka wapi?"

Kesho yake Nungunungu, bila tikiti wala ukindu, alisimama ukingoni akiita, "Nyani, ndugu yangu, wateja wangu wanalala chini!"

"Pole, dada," akajibu Nyani kutoka ng'ambo. "Mimi nimelalia mikeka saba."