Daftari la Vipimo

Alfajiri Shuwena alihamia duka la ng'ambo ya barabara na daftari lenye vipimo vya wateja wote. Mwanakombo, aliyeshona naye miaka tisa, aliachiwa vitambaa saba na harusi ya keshokutwa.

"Fundi, utaviweza?" mteja aliuliza mlangoni.

"Vyote siviwezi. Chako nakiweza. Ingia nikupime, kisha ukamwite mwenzako."

Alipima, akakata, akangoja mwingine. Kufikia alasiri kilibaki kitambaa kimoja kirefu, alichonunua na Shuwena wavae sare harusini. Vipimo vya mwili wa Shuwena hakuhitaji daftari kuvikumbuka.

Alikikunja katikati, zitoke nguo mbili, yake na ya Shuwena. Ng'ambo ya barabara, cherehani ya Shuwena ilinyamaza. Mwanakombo alishika mkasi.