Jino la Utoto

Tangu maumivu ya watoto yahamishiwe kwa wakubwa, hakuna mtoto anayelia kwa jino. Huumwa baba, mama na yeyote aliyefunga ndoa nao, ili pasiwe na mtu mzima wa kusema litapoa lenyewe.

Mwajabu hakuwa na mtoto, kwa hiyo shavu la kushoto lilipoanza kumpwita alijua ni jino lake. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akabana karafuu. Wapi! Akaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole, ambaye alimpiga picha ya kinywa kisha akaguna.

"Meno yako mazima, dada. Hili ni jipu kwenye mzizi wa jino la utoto. Mleteni mtoto leo hii, usaha utolewe kabla haujasambaa mwilini."

"Mtoto yupi, daktari?"

Alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Labda mitambo ya kuhamisha maumivu imekosea. Labda wamemchanganya na mtu. Akampakulia mumewe, Sefu, muhogo na samaki, akakaa kumsimulia kioja hicho apate wa kucheka naye.

Sefu hakucheka. Alikuwa akitafunia upande wa kulia, taratibu mno.

Shavu likapwita tena. Wote wawili wakakunja uso kwa pamoja.

Miaka yote ya ndoa Mwajabu alikuwa akimwita mumewe kwa jina lake tu, kwa kuwa hapakuwa na jina jingine la kumwita.

"Sefu," akasema polepole, "kumbe nikuite baba nani?"