Hatua Ishirini Nyuma ya Cosmas

Bastola ilienea vizuri ndani ya kopo la aiskrimu. Rasik akaizungushia kitambaa, akabana kifuniko, akalitia kopo kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juu ya meza ya jikoni. Kisha akapanda juu kuvaa tai. Jambo la serikali huliendei kifua wazi.

Kopo alilichagua kwa akili zake mwenyewe, na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jikoni kwa mkewe Pushpa makopo ya namna ile yalijaa tele na hakuna hata moja lililokuwa na aiskrimu. Hili dengu, lile bizari, jingine achari ya mwaka juzi. Polisi gani wa Kizungu angehangaika na kopo la vanila la mzee wa Kihindi?

Bastola yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake. Ilitoka Unguja baada ya mapinduzi, imefichwa ndani ya cherehani, na miaka yote ikalala Rayners Lane, London, chini ya kabati, bila kibali na bila Pushpa kujua. Sasa serikali ilikuwa imetangaza mwezi wa msamaha. Mwenye silaha aipeleke kituoni, aiweke kaunta, aende zake. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na mwisho wenyewe saa kumi na moja jioni. Lakini kwa alivyosoma Rasik, msamaha ulianzia kaunta. Ukikamatwa nayo njiani ni miaka mitano jela, naye alikuwa na miaka sitini na sita na figo mbovu.

Ndiyo maana alimwita Cosmas.

Cosmas alikuwa jirani, mtu wa Mbinga, fundi wa eksirei hospitalini. Mpole, mtu wa kanisa, hana neno na mtu, ila polisi walikuwa hawambanduki. Tangu Krismasi walishamsimamisha mara nne. Rasik, karibu miaka arobaini London, hajawahi kusimamishwa hata kuulizwa saa. Alipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, mpango ukajitunga wenyewe. Akamwambia Cosmas kuna fomu ya kutia sahihi kituoni na anaogopa kwenda peke yake. Maskini ya Mungu, akakubali palepale. Kwao mzee haachwi kwenda polisi peke yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Cosmas, Rasik aliposhuka. Alikuwa mlangoni anafunga zipu ya begi lake la mgongoni, na mdomo bado unatafuna. Pushpa hajawahi kumwacha mgeni atoke mikono mitupu.

"Marahaba. Ushakula?"

"Mama amenilisha, na vya nyumbani amenifungia kopo zima."

Pushpa akamkabidhi Rasik mfuko. "Na wewe mzigo wako huu hapa. Wampelekea nani?"

"Mtu," alisema Rasik.

Hawajafika mbali, Cosmas akanyoosha mkono aupokee ule mfuko. "Mzee abebe, mimi nitembee mikono mitupu? Watu watanisema."

"Hapa Ulaya, hakuna wa kukusema. Tangulia, mwanangu, goti langu linauma. Nakuja nyuma."

Rasik akajiweka hatua ishirini nyuma, akichechemea kwa ustadi. Mfuko ulikuwa ukimgonga pajani, na ubaridi wake ukapenya suruali. Chuma ni chuma, akajisemea.

Kwenye kona ya duka la mikate gari la polisi likapunguza mwendo, likasimama. Askari wawili wakashuka, wakampita Rasik na mfuko wake, wakamwendea Cosmas. Ikawa vilevile alivyopanga, na hapo akajiona mjanja kuliko wote London.

Cosmas alikwishainua mikono kabla hajaambiwa. Alishazoea. Rasik alipowafikia, Cosmas akamgeukia akitabasamu.

"Tangulia, mzee, usije ukachelewa. Hawa hawapunguzi dakika kumi. Wakimaliza nitakukuta."

Askari mmoja alisogeza pipa la taka lililoziba njia ili Rasik apite. "Angalia usijikwae, bwana," akamwambia. Rasik akamshukuru. Nyuma yake akasikia, "Na hilo begi, hebu livue."

Hakugeuka. Huruma alimwonea kidogo, si kwamba hakumwonea, hata akaahidi moyoni kumnunulia shati. Goti nalo likapona ghafla.

Alifika kituoni saa kumi na moja kasorobo. Kwenye kaunta alikaa askari wa kike, mtu mzima, na kikombe chake cha chai. Watu wawili walikuwa wakisubiri kwenye benchi, na Rasik hakutaka kulitaja neno lenyewe mbele yao.

"Nimewaletea kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Fungua mwenyewe, tafadhali. Taratibu."

Askari akavaa glavu, akafungua kifuniko, akachungulia. Akamwita mwenzake naye aje aone.

Ndani mlikuwa na kachori, zimepangwa safu mbili, zimeganda kwa barafu ya friza.

Redio ya begani mwa askari ikakoroma. Gari jingine lifike haraka duka la mikate, wamempata mtu na bastola, mwanamume mweusi, anadai hajui imeingiaje kwenye begi lake. Askari wanne wakatoka mbio wakampita Rasik.

Yule mama akavua glavu. "Ehe, bwana. Hivi ni nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili za msamaha. Rasik akaitazama, kisha akautazama mlango.

"Kachori," alisema. "Mke wangu amewapikia. Nimekuja peke yangu."