Kikohozi cha Mzee Hezroni

Mzee Hezroni alikohoa mara mbili kabla ya kukanyaga boti. Akageuza uso upande wa ziwa, akangoja.

“Pita, Tata,” sauti ya mwanawe, Angetile, ikatoka kwenye kijumba cha mbao kilichokuwa katikati ya boti. “Ameshajifunika.”

Ndipo mzee akapanda, macho chini, akaenda kuketi mbele kabisa, chini ya turubai lililotoboka.

Tausi aliyaona hayo kila siku kutoka kwenye banda lake la chai pale bandarini Itungi. Alikuwa mgeni, amekuja na masika kutoka Tanga, na mwanzoni alidhani mzee ana kifua tu. Wateja wakamwelimisha. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Baba hukohoa, mkwe akajificha. Hawalali chini ya paa moja. Sawa, kwenye nyumba yenye uwanja na migomba hilo linawezekana. Kwenye boti je?

Boti yenyewe haikuwa ikitembea tena. Zamani Angetile na mkewe, Asifiwe, walibeba nayo vyungu kutoka Ikombe. Katika dhoruba ya mwaka jana injini ilikufa, boti ikageuka nyumba. Mzee alikuwa na nyumba yake nzuri ya bati kule Busale, lakini alikuja kumtazama mwanawe baada ya dhoruba ile, akabaki. Sasa mvua zilikuwa zikimnyeshea usiku na mchana, na kikohozi cha adabu kilikwisha kuchanganyika na cha ugonjwa. Daktari alikuwa amemwonya: akiendelea kulala kwenye unyevu, hatamaliza masika.

“Baba, ingia ndani ulale,” Tausi alimwambia asubuhi moja, akimpa chai ya tangawizi. “Mvua itakuua.”

“Ndaga, mama, asante. Lakini ndani yumo mkwe wangu.”

“Kwani atakumeza? Ataona mzee wa watu amelala, basi.”

Mzee akacheka, kicheko kikaishia kwenye kukohoa. “Siku nitakayolala humo nitakuwa nimemfukuza. Na mkwe wangu ana adabu, wewe! Umewahi kumsikia? Hata kikombe hakigongi.”

Kweli, Tausi hakuwahi kumsikia. Alichokijua cha Asifiwe ni khanga yake ya bluu, ambayo Angetile aliifua na kuianika mwenyewe, na chapati laini ambayo kijana huyo alimchagulia kila asubuhi. “Ya mama nyumbani,” alikuwa akisema. “Hapendi iliyoungua.” Tausi alimwonea wivu mwanamke huyo. Mume wake yeye hakuwahi kumfulia hata leso.

Ila huruma yake kwa mzee ilizidi wivu. Aliwaomba wapagazi wakazungumze na Angetile. Walitazamana. Mmoja wao, Jackson, akaweka kikombe chini taratibu.

“Dada Tausi,” alisema, “wewe uza chai.”

Tausi alikasirika sana. Watu gani hawa, wanaona mzee anakufa kwa ajili ya mila, nao wananyamaza wakinywa chai?

Alipata kusikia kwamba mwiko kama huo hulegezwa kwa zawadi: baba akimpa mkwe kitu, mkwe akakipokea, wanaweza kusalimiana. Akatafuta doti ya khanga, akachagua maneno kwa makini kama alivyofundishwa na bibi yake wa Tanga: *Mkwe mwema ni mwana.* Akampelekea mzee.

Mzee aliisoma mara mbili. Akairudisha.

“Bado, mama. Mwanangu hajawa tayari.”

“Mwanao? Kwani mwiko ni wa mwanao?”

Mzee akageuza uso upande wa ziwa.

Jumapili mvua ilishuka tangu asubuhi. Kufika adhuhuri mzee alikuwa amejikunyata mbele ya boti, midomo imepauka, anatetemeka kama kifaranga kilichotolewa kwenye maji. Tausi hakuvumilia tena. Alichukua ile doti, akapanda. Mwanamke kwa mwanamke hakuna mwiko.

“Usiingie, mama!” mzee aliita, akijaribu kusimama.

Tausi hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

“Hodi! Dada Asifiwe, hodi! Baba mkwe wako amekuletea zawadi!”

“Karibu,” alijibu Angetile.

Alikuwa ameketi mkekani, mbele yake sahani mbili za wali. Moja ilikuwa imeliwa. Nyingine ilikuwa imekauka juu, na kando yake chapati ya asubuhi, nzima. Angetile alizipokea khanga kwa mikono miwili, akatabasamu kwa haya, akageukia upande wa pili wa mkeka. Pale ilitandazwa ile khanga ya bluu, bapa, hapana mtu chini yake, imenyooshwa vizuri hadi kwenye mto.

“Asifiwe, amka,” alisema polepole. “Tata amekukumbuka.”

Tausi alitoka kinyumenyume. Nje, mzee alikuwa amesimama mlangoni kwenye mvua, uso ameugeuzia ziwani kama kawaida yake. Bila kugeuka, akamshika mkono kwa nguvu.

“Sema zimempendeza,” alinong’ona. “Sema kwa sauti, mama. Mwanangu anasikiliza.”