Shamba Lililolala

Basi kule Naipingo, mwaka ule wazungu walipoleta matrekta ya kufyeka mapori walime karanga, Mikidadi alisimama katikati: huku bibi kizee, huku mzungu na penseli yake. Mzungu kauliza, hili pori la nani?

"Mwambie si pori, mjukuu wangu. Shamba langu limelala lipate nguvu, huu mwaka wa tatu. Asije akaliamsha na machuma yake."

Mikidadi, mkalimani wa kuokoteza, alikuwa na maneno mawili tu ya kizungu ya kufaa hapo. "Empti", la madebe yaliyokwisha mafuta. Na "resti", la saa sita, vibarua wakijinyoosha kivulini. Yote mawili ni kutokufanya kazi. Lakini palipoitwa empti trekta lilipita, alishaona.

Bibi akamshika mkono. Kiganja chake kilijaa udongo mwekundu.

"Resti," akasema Mikidadi.

Mzungu akakunja uso. "Empti?"

Nyuma yake trekta likanguruma. Mikidadi akavua kofia aliyopewa kazini, akajilaza chali juu ya matuta ya zamani, akafumba macho. Udongo ulikuwa na uvuguvugu, kama mgongo wa mtu aliye usingizini.

"Resti," akasema taratibu, kama anayeota.