Raba za Makame

Asubuhi ya kwanza ambayo hakuna aliyegonga dirisha, Sefu alilala mpaka jua likampiga usoni. Kwa miaka kumi na moja rafiki yake Makame alikuwa akiligonga kila alfajiri na kuita, "Amka wewe gogo, miguu itaota uyoga!" Kisha walikuwa wakiuzunguka uwanja wa mpira mara nne, wakibishana njia nzima. Sasa Makame alikuwa amezikwa, na Sefu akaacha kutembea, ingawa daktari alishamwonya kuhusu sukari yake.

Bi Tatu, mjane wa Makame, alipotoka eda aligawa nguo za marehemu. Sefu akawekewa raba.

"Kubwa mno hizi, shemeji. Mwenzangu alikuwa na miguu kama mitumbwi."

Bi Tatu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Jaza vitambaa. Mwenyewe hatazirudia."

Kesho yake alfajiri Sefu akazijaza vitambaa, akatoka. Soli zilijiburuta chini, kwarara, kwarara, sawasawa na Makame alivyotembea. Aliona haya, akataka kurudi. Alipofika chini ya dirisha la Bi Tatu, taa ikawaka ndani.

Siku iliyofuata kulikuwa na manyunyu, hakutoka. Jioni wakakutana sokoni.

"Shemeji, leo sikuzisikia," Bi Tatu alisema, kisha akaendelea kuchagua nyanya.

Siku hizi Sefu huuzunguka uwanja mara nne kila alfajiri. Kwanza hupita chini ya lile dirisha, na hapo hatembei haraka.