Habari za Nyumbani

Pikipiki zote siku hizi huuliza habari za nyumbani kabla ya kuwaka, na dereva anayeficha jambo haendi popote.

Ya Tunu iliwaka siku moja, ikagoma nyingine. Asubuhi hii iligoma tena, na mumewe Shomari ameshapanda nyuma, saa yake ya kusafishwa damu hospitalini ikikaribia.

Fundi Mbaraka aliichomoa plagi na kuijaribu: ilitoa cheche. Betri ilikuwa imejaa, na mafuta yalifika.

“Shemeji, ukiwa peke yako huwaka?”

“Bila taabu.”

“Na ukimpakia mgonjwa, unaijibu nini?”

“Kama watu wote. Nzuri.”

Shomari alicheka. “Hata msibani tunajibu nzuri. Mashine haina adabu hii! Iambie mumeo anaumwa, twende zetu.”

“Mume wangu anaumwa,” alisema Tunu. Injini haikuwaka.

Mbaraka alitazama pembeni. “Labda kuna lililobaki, shemeji.”

Tunu aliinamia usukani, akashusha sauti.

“Daktari amesema hatapona.”

Injini iliwaka papo hapo. Mikono ya Shomari, iliyokuwa imemshika kiunoni, ililegea.